Kengele ya Nyuma

Pale kijijini hakuna aliyewaita kwa majina yao. Mume alikuwa Filimbi, mke alikuwa Kengele, na ukiuliza kwa nini, mtu atakucheka kwanza ndipo akujibu. Hao ndio waliokuwa na baiskeli za kukodisha, kwenye banda la mabati nyuma ya mashine ya kusaga, na hao ndio waliowatembeza wageni huko milimani. Njia ya Bwawa ilikuwa ya wenye watoto na wenye vitambi. Njia ya Maporomoko ilikuwa ya wenye pumzi. Njia ya Mgongoni ilikuwa ya wale wanaokuja na nguo za kubana na maringo yao mengi, ambao mara nyingi ndio hurudi wamebebwa.

Kazi hiyo ina utaratibu wake, na bila utaratibu utaua watu. Ukishapanda Mgongoni, ukaanza kuteremka upande wa pili, njia inakuwa nyembamba kama upana wa mkeka. Kushoto mwamba, kulia korongo. Anayetangulia hawezi kugeuza shingo kuangalia nani yupo na nani hayupo, maana baiskeli hufuata macho, na macho yakienda kombo na wewe umeenda. Kwa hiyo kila kona Filimbi alipuliza filimbi yake mara moja, na mkewe aliyeshika mkia nyuma ya wageni wote akaitikia kwa kengele ya baiskeli: mbili za haraka, moja peke yake. Kri-kri, kring. Akisikia hivyo, Filimbi alijua wote waliopo katikati ni wazima, kwa sababu Kengele hakuwahi kumpita mtu. Mgeni akianguka, anasimama naye. Akichoka, anasimama naye. Kengele ikikawia, mume naye anakanyaga breki. Hakuna neno lililohitajika.

Wageni walipenda sana jambo hilo. "Tazama wanavyoongea kama ndege!" walisema. Wangejua! Wakati huo ndege wale wawili hawakuwa na maneno mengine duniani. Nyumbani ilikuwa chakula kinatengwa, kinafunikwa, mtu anakula, anaosha sahani yake, analala kaugeukia ukuta. Mwezi na ushee hivyo. Wakienda kazini, filimbi inalia, kengele inaitika. Ndoa yao yote ilikuwa imebaki hiyo.

Sababu? Utasema ni jambo dogo. Filimbi mwenyewe alisema ni jambo dogo, na hapo ndipo alipojimaliza.

Walikuwa na binti mmoja tu, nao walimwita Chiriku, maana tangu alipofumbua macho asubuhi mdomo haukufungwa mpaka usingizi umkute katikati ya sentensi. Alikuwa akipanda nyuma ya baiskeli ya mama yake, kwenye keria ya kubebea mizigo, anauliza habari za kila jani na kila mdudu, na wageni wanavunjika mbavu. Homa ikamchukua mwaka uliopita, kwa siku chache tu, hata hawakupata nafasi ya kuogopa vizuri. Kabaiskeli kake kadogo kakatundikwa bandani kwenye msumari, na hakuna aliyekagusa.

Sasa siku moja ya sikukuu wageni wakafurika. Ikaja familia yenye mtoto, baiskeli zimekwisha, mtoto analia. Filimbi akakatungua kale kabaiskeli, akakafuta vumbi, akajaza upepo, na kwa kuwa mtoto wa watu alikuwa mrefu kidogo, akachukua spana akapandisha kiti. Jioni akakarudisha msumarini, kasafi kabisa, akaona ametenda jambo la busara.

Mkewe akaingia kuweka pampu. Akasimama. Akaweka mkono kati ya kiti na pedali, kama anayepima kitambaa cha kushona.

"Nani kapandisha kiti?"

"Mimi. Mtoto wa watu alikuwa mrefu."

"Kiti kilikuwa pale alipokiacha."

"Sasa si kiti tu, mama? Nitakishusha."

"Utakishusha mpaka wapi? Unajua kilikuwa wapi?"

Hakujua. Na badala ya kusema hajui, akasema, "Lakini baiskeli ni baiskeli jamani."

Mnaona wenyewe. Usiku ule mto wa mkewe ulihamia chumba cha pili, na maneno yakahama pamoja nao. Tena Filimbi alijua amekosa! Alijua kabla hata sentensi haijamtoka yote. Lakini kuna wanaume wanaoweza kubeba mfuko wa saruji kupanda nao mlima, ila neno "nisamehe" hawawezi kulinyanyua kutoka sakafuni. Kila asubuhi alisema leo nitasema. Kila asubuhi alivaa filimbi yake shingoni na kutoka nje kuangalia matairi.

Basi siku yenyewe wageni walikuwa watatu tu: karani mmoja wa benki, mtu wa mwili na mwenye maneno yake, mke wa karani, aliyevaa kofia nyekundu, na shemeji yake karani, yaani mdogo wake huyo mama, kijana mwenye kamera aliyesimama kupiga picha kila kijiwe. Walipanda Mgongoni vizuri, wakanywa maji kwenye maporomoko, karani akatangaza kwamba makalio yake yameomba talaka. Mke wake akamwambia ayape. Hata Kengele alicheka. Filimbi akamwona anacheka, akajiambia, leo nitasema. Halafu akatazama jua, akasema kwa wageni, "Tushuke, kivuli kinakuja."

Njiani, juu kabisa ya mteremko, kuna mahali njia inagawanyika. Ya kulia ndiyo ya kushukia. Ya kushoto inaingia kwenye vichaka mpaka pangoni, penye kidimbwi cha maji ya kijani na mwamba uliopinda kama kiganja. Zamani wageni wote walipelekwa huko, na hapo ndipo Chiriku alipopenda kuliko pote, maana ukisema neno, mwamba nao unalisema. Alikuwa akikaa pale anagombana na mwamba mpaka avutwe mkono. Baada ya mazishi Filimbi alilaza gogo katikati ya hiyo njia, akawaambia wageni kwamba imebomoka. Hajatia mtu mguu tangu siku hizo.

Wakapita gogo, wakaanza kushuka. Kona ya kwanza Filimbi akapuliza. Nyuma ikaitika: kri-kri, kring. Kona nyingine, vilevile. Akaona leo kengele inaitika upesi, tena inalia vizuri, iko karibu, haikawii hata kidogo. Akajisemea, labda amelegea, labda ule utani wa makalio umemlegeza. Akawa anateremka na tabasamu lake usoni, peke yake, mtu mzima na ndevu zake.

Katikati ya mteremko kuna jiwe pana ambapo njia inafunguka na watu hupumzika. Filimbi akafika, akashuka, akageuka. Kofia nyekundu ikatokea, ikashuka. Karani akatokea akiguna. Kijana wa kamera akatokea. Nyuma ya kijana hakukuwa na mtu.

Kengele ikalia huko juu, konani. Kri-kri, kring.

"Huyo anakuja," alisema Filimbi.

Wakangoja. Karani akafungua chupa yake ya maji. Kengele ikalia kwenye kona ya karibu, ile inayoonekana kutoka pale walipo, hata majani yake unayahesabu. Wote wanne wakatazama kona. Ilikuwa tupu. Vumbi halikuruka, kijiwe hakikubingirika. Halafu kengele ikalia mbele yao hapo hapo, kimo cha usukani, kri-kri, kring, ikapita kati ya karani na kofia nyekundu. Karani akavuta mguu wake kumpisha, kama unavyompisha mtu mwenye baiskeli. Kisha ikalia upande wa chini, kwenye kona inayofuata, ikaendelea kwenda zake.

Maji yalikuwa yakimmwagikia karani kifuani na hana habari.

"Amepita?" aliuliza mke wake. "Nani amepita? Wewe umeona nani amepita?"

Filimbi aliitazama ile kona ya chini. Akamgeukia kijana. "Mke wangu mlimwacha wapi?"

"Kwenye lile gogo," alisema kijana. "Alisimama, akainamisha kichwa hivi, kama mtu anayesikiliza. Nikajua anafunga kiatu."

"Ukanyamaza?"

"Ningesema nini, kaka? Kila kona kengele ilikuwa inalia nyuma yangu! Nikajua yupo."

Na Filimbi atamlaumuje? Yeye mwenyewe, mwenye kazi, mwenye mke, alidanganywa na kengele ileile na tabasamu juu. Mwezi mzima alikuwa amesikiliza kengele akidhani anamsikiliza mkewe.

Akageukia juu, akapuliza filimbi kwa nguvu zake zote. Huko juu kimya. Chini ya mlima, mbali kidogo, ikaitika: kri-kri, kring.

"Basi yuko chini," alisema karani, tayari ameshika usukani. "Ndugu yangu, sisi tufuate kengele. Mimi hapa sikai hata kwa dawa."

"Kengele ya mke wangu haimpiti mtu," alisema Filimbi. Alipolisema ndipo alipolisikia. "Ile imewapita ninyi wote. Ile si yake. Kaeni hapa, mshikane mikono kama mnaweza, wala msifuate kitu chochote kinacholia. Narudi."

Akaiacha baiskeli yake, akapanda kwa miguu. Alikuwa anawaza mambo mawili tu. La kwanza, korongo. La pili lilikuwa baya kuliko korongo: kwamba hakuanguka, ameondoka kwa hiari yake, na yeye Filimbi ndiye aliyemwondoa. Alikuwa amezika mtoto. Akimzika na mama mtoto, kisa kiti cha baiskeli na mdomo wake mzito, ataishi vipi? Akakimbia pale panapokimbilika, akatambaa pale pasipokimbilika.

Kwenye kona ya kwanza mkono wake ukaenda wenyewe kwenye filimbi, mazoea hayo. Akapuliza. Kengele ikamwitikia nyuma yake, karibu na visigino. Ilikuwa imegeuza njia inamfuata yeye.

Hakugeuka. Miaka yote njia ile ilikuwa imemfundisha asigeuke, na leo ndipo aliposhukuru kufundishwa. Akaivua filimbi shingoni, akaitia mfukoni, akapanda kimya. Kona ya pili hakupuliza. Kengele ikalia hata hivyo, kwa zamu yake, bila kuulizwa. Ilikuwa inalia kama mtu anayefanya kazi yake vizuri.

"Kengele!" Filimbi alipiga ukelele. Hapo alikuwa anamwita mkewe, tena kwa sauti ya kinywa, mara ya kwanza tangu siku ya kiti. Na nyuma yake kri-kri ikakatika nusu. Kisha sauti ya mwanamume ikasema, "Kengele!"

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Hata ule mkwaruzo wa mafua aliyokuwa nayo ulikuwemo.

Mwangwi anaujua, amezaliwa chini ya mlima huo. Mwangwi unarudi kutoka mbele, umechoka, unafifia. Huu ulikuja kutoka nyuma na haukufifia. Akapiga hatua kadhaa, ukasema tena, "Kengele!" Akapiga hatua nyingine, ukasema tena. Ile kengele ya chuma haikusikika tena hata mara moja. Yule mfuasi wake alikuwa ameutua mzigo wa zamani akabeba mpya.

Akajaribu. "Mke wangu!" aliita.

Nyuma yake, "Kengele" ikakoma. "Mke wangu!" ikasema, na kushikilia hilo.

Sasa akaelewa kitu ambacho kilimtia hofu lakini kikampa na akili kidogo. Kinachomfuata hakina maneno yake. Kinabeba neno moja tu, lile la mwisho kulisikia, na ukikipa jingine kinalitupa la kwanza kama ganda. Mwezi na ushee walikuwa wamepita hapo, yeye na mkewe, bila kuachia neno lolote ila filimbi na kengele. Kingebeba nini kingine?

Alipofika kwenye gogo alihema kama mbuzi aliyefukuzwa. Baiskeli ya mkewe ilikuwa upande wa pili wa gogo, imelazwa taratibu, jinsi alivyokuwa akiilaza siku zote, mnyororo juu ili usile mchanga. Mtu wa kujirusha korongoni hajali mnyororo. Filimbi alipoona hivyo alimshukuru Mungu. Majani ya njia ya pangoni yalikuwa yamekanyagwa. Akaruka gogo, akayafuata.

Huku ndani hakikumfuata kitu. Palikuwa na kimya cha mahali ambapo hapajasemwa neno kwa muda mrefu. Akaenda kidogo, akainama chini ya matawi, ndipo akasikia mbele yake kitu kama maji yanayochuruzika. Akasimama. Si maji.

"...na huyu je? Na huyu anaitwa nani, baba? Na kwa nini anatembea juu ya maji, hazami? Baba. Baba. Na huyu je?"

Hakuhitaji kuambiwa. Sauti ile alikuwa ameisikia kutwa kucha kwa miaka saba, wakati mwingine aliikimbilia bandani apate kupumua, na tangu mazishi angetoa mikono yote miwili kuisikia. Ungesema ataikimbilia. Lakini mtu aliyezika hakimbilii. Mwili wote ulimkataa. Alijua mkewe yuko huko ndani na kile kitu, na akafanya lile linalofanywa na kila mwanamume akiogopa gizani: akapiga kelele. Akapayuka. Akatoa lile lililokuwa limemkaba koo, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu na mlango.

"Mama Chiriku! Nimekosa! Nilipandisha kiti bila kukuuliza! Nimekosa, Mama Chiriku! Unasikia? Nimekosa!"

Akaenda mbele akilisema, anavunja matawi, analisema kwa sauti kubwa na kubwa zaidi, anapumua katikati tu, ili asiache hata nafasi ya kusikia ile nyingine. Mpaka akatokea kwenye uwazi, mwamba umeinama juu yake, na kidimbwi kiko pale cha kijani vilevile.

Mkewe alikuwa ameketi kandokando ya maji, viatu amevua, mikono mapajani. Alikuwa amempa mgongo. Hakutikisika. Kwa kitambo Filimbi aliona amechelewa, akashindwa hata kumgusa. Kisha mwanamke akageuza kichwa. Uso ulikuwa umelowa wote, na macho yaliyokuwa yakimtazama hayakuwa ya mtu aliyeokolewa.

Mwambani sauti ya Filimbi ilikuwa inazunguka. "Nimekosa, Mama Chiriku! Nimekosa, Mama Chiriku!"

Akatega sikio kutafuta ile nyingine, ile ndogo. Akasikia yake. Akatega tena. Yake tu.

"Umemsikia?" aliuliza mkewe kwa mnong'ono. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwa mumewe baada ya mwezi mzima.

"Nimemsikia," alinong'ona Filimbi.

"Alikuwa anauliza habari za wale wadudu wa majini. Siku ile ya mwisho tulipokuja. Hukumjibu. Ulimwambia tuondoke, wageni wanasubiri." Akajifuta pua kwa kiganja. "Nilimsikia kutoka kwenye gogo. Nikaja taratibu. Viatu nikavua huko majanini, nikavishika mkononi. Kengele sikupiga. Kupumua nimepumua kwa pua. Nilijua nikisema neno hapa nitamfuta. Nimekaa, namjibu moyoni, yeye anauliza, mimi namjibu, anauliza, namjibu..."

Akayageukia maji tena.

Filimbi alielewa sasa, na kuelewa kulimwangusha. Alikaa chini vibaya, mguu mmoja majini, akashika kichwa. "Sikujua," alinong'ona. "Haki ya Mungu, sikujua. Niliogopa. Nilidhani..."

Mkewe alimrukia. Alimshika shati kwa mikono yote miwili, akamtikisa, na huku akinong'ona, maana hata hasira yake aliitoa kwa mnong'ono.

"Mwezi mzima nimekungoja useme hilo neno! Ungelisema jikoni! Ungelisema mlangoni, bandani, popote! Ningeamka usiku ule ule nikaurudisha mto wangu! Mwezi mzima, baba, neno moja! Ukalificha, ukalificha, halafu ukaja kulisemea hapa. Hapa!"

Filimbi alilia, waziwazi, kwa mdomo wazi, lakini bila sauti, maana sasa na yeye aliogopa kutoa sauti. Mkewe akaliachia shati. Wakabaki wamekaa matopeni wanatazamana, watu wazima wawili walioibiwa kitu kilekile na mmoja wao ndiye mwizi.

"Nimekosa, Mama Chiriku," ulisema mwamba.

Mwanamke akainua uso.

Tangu mazishi hakuna aliyekuwa amemwita hivyo. Watu kijijini waliona haya, wakakimbilia jina la utani. Mume naye alikimbilia hilohilo: Kengele lete spana, Kengele wageni wamefika. Jina la Mama Chiriku lilizikwa pamoja na mtoto. Na sasa lilikuwa linapita juu ya maji, linagonga mwamba, linarudi, kwa sauti nene yenye mafua, halichoki. Mama Chiriku. Mama Chiriku. Alilisikiliza kwa muda mrefu. Mabega yake yaliyokuwa juu yakashuka polepole.

Filimbi alimwona ametulia, naye kwa uchungu aliokuwa nao akataka kuomba radhi upya, sasa kwa utaratibu, ana kwa ana, kama alivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Akafungua mdomo.

Mkewe akauziba kwa kiganja. Aliuziba kwa nguvu, meno yakamuuma. Akamsogelea mpaka midomo yake ikagusa sikio lake.

"Nyamaza," alimwambia, kwa pumzi tu. "Yeye ameshaondoka. Ukisema tena utaliondoa na jina."

Wakainuka. Viatu wakavishika mikononi, yeye vyake na mume vyake, wakatoka chini ya mwamba kwa vidole vya miguu, wakipisha kila tawi kwa mkono na kulirudisha taratibu. Miiba iliwachoma na hawakuguna. Filimbi mkono mmoja alikuwa ameukunja mfukoni, ameibana filimbi isije ikalia hata kwa kugongana na funguo. Kila baada ya hatua chache walisimama wakasikiliza nyuma. Jina lilikuwa bado lipo.

Kwenye gogo walifikia baiskeli. Mume akashika usukani aikokote kama kawaida. Mkewe akatikisa kichwa na kumwonyesha gurudumu la nyuma, lile ambalo likizunguka bure hulia tik-tik-tik. Akaelewa. Akanyanyua mbele, mkewe akanyanyua nyuma, wakaibeba juujuu kama unavyombeba mgonjwa, wakaanza kushuka njia ile nyembamba, korongo likiwa upande wa kulia. Mara hii Filimbi aligeuza shingo. Aligeuza kila kona, akamtazama mkewe usoni, naye akamtazama. Hakuna aliyetabasamu. Lakini walitazamana.

Karani hakuweza kukaa pale jiweni, kama alivyokwisha kusema. Walimwona kona moja kabla ya jiwe, anapanda kuwatafuta, anahema, shati limelowa, mke na shemeji nyuma yake wamemshika mkanda. Aliinua macho akawaona wawili wazima na baiskeli yao. Furaha ilimjaa mtu wa watu, akatanua mikono, akavuta pumzi kifua kizima ili apige ukelele wa kuwapokea.

Na wote wawili kwa pamoja, mume mbele na mke nyuma, wakaweka kidole mdomoni.